Kijana kapatikana kwenye simu: tumuulizie kwa nani?

ShangaziWaLangoni, Amu (Lamu)
Jumapili, saa 4 usiku

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika nikiwa ukumbini, binti mwenyewe yuko ndani, na nimemwambia kwamba naandika. Hakukataa. Alisema tu, "Shangazi, usitaje jina langu." Sitalitaja.

Ni mtoto wa kakangu marehemu. Ana miaka 25, anauza kwenye duka la dawa hapa Langoni, na tangu babake afariki yuko kwangu. Mwezi wa Shaabani alikuja akakaa karibu nami nikishona kofia, akaanza kunitilia uzi kwenye sindano bila kuombwa. Nikajua ana neno. Akasema kuna mtu anataka kumposa. Nikamuuliza, wa mtaa gani? Akanyamaza, kisha akasema, wa Malindi. Mmejuana wapi? Akanionyesha simu.

Si kwamba sikujua mambo haya yapo. Jioni ukipita Usita wa Pwani utawakuta vijana wameketi ukutani, kila mmoja na simu yake, na harusi mbili za mwaka jana mtaani kwetu zilianzia humo humo. Moja imeshapata mtoto, maashallah. Ya pili haikufika miezi minne. Lakini hizo zilikuwa za nyumba za watu, nilikwenda kula pilau nikarudi kwangu. Hii ni ya kwangu.

Wamezungumza miezi kumi na mmoja. Ni ile programu ya kutafuta wachumba, rafiki yake wa kazini ndiye aliyemwekea kwenye simu. Kijana anasema ni mpishi katika hoteli moja Malindi, ana miaka 29, baba amefariki, mama yupo. Wanaonana kwa video. Nami nimemwona uso. Alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo shangazi," na nyuma yake palikuwa na ukuta wa chokaa na kalenda. Basi, ninayoyajua yanaishia kwenye kalenda hiyo.

Sasa nieleze ninachouliza. Huku kwetu posa ikija haijibiwi siku hiyo. Tunasema, "Tupeni siku, tuulize." Na kuuliza kuna njia zake. Ami yake binti huenda msikiti anaosali kijana, hasemi kitu, husali magharibi akaketi mpaka isha, akaona nani anamkalia karibu na nani anamkwepa. Mimi huenda dukani. Mwenye duka anajua mengi kuliko imamu. Anajua nani analipa na nani anakopa kwa jina la nduguye, anajua nani ananunua maziwa ya mtoto na kuyapeleka nyumba isiyo yake. Nimewaulizia wanaume sita wa kuoa katika ukoo huu kwa njia hiyo. Mmoja nilimkataa kwa neno la muuza makaa, aliyeniambia kijana yule humpiga punda wake usoni. Watu walisema nina ukali. Binti wa nyumba nyingine aliyeolewa naye alirudi kwao mwaka wa pili, jino limevunjika.

Msidhani naogopa mbali. Nyanya yangu mzaa mama aliposwa kwa barua kutoka Unguja. Barua ilikuja na kusi, jibu likarudi na kaskazi, na mume hakumwona mpaka usiku wa harusi. Waliishi miaka arubaini na moja. Lakini ile barua ililetwa na nahodha, na nahodha yule akiwa Unguja alikula nyumbani kwa kina kijana, akiwa Amu alikula kwetu. Angetuletea uongo, msimu wa pili angekula wapi? Mtu huyo ndiye ninayemtafuta. Simu imeleta barua, nahodha simwoni.

Na kuna jambo limenikosesha usingizi. Juzi nilichukua namba ya kijana nikaiandika kana kwamba nataka kumtumia shilingi 10 kwa M-Pesa, nilione jina. Likatokea jina la mwanamke. La ukoo ni lile lile analojiita yeye, la kwanza ni la kike. Sikutuma. Binti sijamwambia. Ni mke? Ni dada? Au huyu ninayemwona kwenye video si yule anayesema kuwa ndiye?

Ami yake anasema tumkatae, yaishe. Mimi sitaki kumnyima yatima heri yake kwa sababu nimeogopa, wala sitaki kumtoa kwa sababu nimemwonea huruma. Kofia za mabwana harusi wa nyumba hii huzishona mimi kwa mkono, moja hunichukua miezi mitatu hata minne. Kitambaa cha hii nimeshakinunua, kiko sandukuni, maana hakikatwi bila kipimo cha kichwa.

Mlio Malindi, na nyinyi mliooa au kuolewa kwa njia hii: mtu wenu mlimuulizia kwa nani?


MamaWawiliMuyeye, Malindi
Jumatatu, saa 12 asubuhi

Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Mimi sikumuulizia kwa mtu yeyote, ndiyo maana naandika kabla sijaenda kazini.

Nafanya kazi za nyumba kwa Waitaliano tangu nina miaka 19, na Kiitaliano nimekijulia jikoni kwao, sikusomea. Mume wangu aliponiacha na watoto wawili, nilijiunga na programu kama hiyo ya binti yako. Akaniandikia mtu, fundi mhandisi wa Brescia, mjane, anasema Malindi amefika. Alinitajia nguzo ya Vasco da Gama, akanitajia magofu ya Gede. Leo naona hayo yamo katika kila kitabu cha watalii, lakini wakati ule niliona kama mtu aliyewahi kupita mlangoni kwangu.

Kiitaliano chake ndicho kilichokuwa kinaniambia ukweli, nikakataa kukisikia. Mimi nimewasikia Waitaliano wakigombania bomba la maji lililovuja, nimewasikia wakiitana mezani, wakimlilia maiti. Huyu aliandika kama barua ya benki. Nikimwomba aniongeleshe, koo limepasuliwa. Nikimwomba video, kamera imeharibika. Miezi mitano.

Kisha akaniuliza vipimo vya miguu ya wanangu, anataka kuwatumia viatu. Nikawasimamisha juu ya karatasi, nikachora kwa penseli, nikapiga picha nikamtumia. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu, mzigo umefika, umekwama forodhani, lipa 14,500. Nikalipa. Ikaja simu ya pili, ndani ya mzigo kumeonekana pesa za kigeni, lipa 23,000 la sivyo utashtakiwa. Nikauza friji, nikachukua na za chama. Jumla 37,500. Mzigo haukuwapo. Mwanangu mdogo aliendelea kuuliza viatu vyake mwaka mzima.

Kwa hivyo shangazi, usome ulichoandika kuhusu kipimo cha kichwa, halafu uniambie: nani aliyetaja kofia kwanza, nyinyi au yeye? Na ameshawahi kuomba hela, hata ya vocha? Na amewahi kumwambia binti, "tusiwaambie watu kwanza"? Wangu aliniomba siri tangu wiki ya kwanza. Alisema mapenzi yakisemwa huingiliwa na husuda, nikaona ni neno la busara. Kumbe alikuwa ananitenga na kila mtu ambaye angeniuliza, "Huyu ni nani?"


ShangaziWaLangoni
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Marahaba mwanangu, pole sana. Mungu akulipe ulichopoteza kwa njia usiyoitazamia. Kofia nimeitaja mimi, na ni hapa tu, yeye hajui kama ipo. Hela hajaomba, binti ameniapia. Siri hakutaka, ni yeye aliyetaka kunisalimia. Lakini hilo jina bado linanichoma.


MzeeMatondoni
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Anayetaka mke hutuma wazee. Mashua zipo, barabara ipo. Akija na wazee wake mtamjua, asipokuja mmeshamjua. Kwangu mimi hayo ya simu hayana haja ya kujadiliwa hata siku moja.


BahariaWaShela
Jumatatu, saa 8 mchana

Shikamoo shangazi, shikamoo mzee wa Matondoni. Mzee, wazee hutumwa mahali panapojulikana. Mke wangu ni wa Tanga, na mimi Tanga nilikuwa sina hata wa kumwomba maji. Tumeoana mwaka wa tatu sasa, na niseme wazi kwamba tulikutana kwenye simu. Sioni haya, na yeye haoni.

Tulitumia Muzz, ile iliyokuwa ikiitwa Muzmatch, ambayo imetengenezwa kwa Waislamu wanaotafuta ndoa. Ina sehemu ya kumtia walii ndani: msichana anamwandikisha mtu wake, na huyo anapata nakala ya kila mnachoandikiana. Yeye alimtia kaka yake siku ya pili. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona afadhali. Nilipojua kuna mwanamume mwenzangu anayesoma, nilikuwa mkweli kuliko nilivyozoea.

Lakini shangazi anauliza kuulizia, na hapo ndipo shemeji yangu aliponifunza jambo. Hakutaka namba za rafiki zangu. Alitaka namba tatu: ya mtu anayenidai, ya mtu niliyefanya naye kazi zaidi ya mwaka, na ya mtu niliyewahi kugombana naye. Hiyo ya tatu nilikaa nayo siku nne. Mwisho nikampa ya nahodha mmoja tuliyekosana kwa ajili ya tanga lililochanika, mpaka tukashikana mashati pale gatini. Nikajua nimekwisha. Nahodha akamwambia shemeji, "Ana hasira ya haraka, lakini halali nayo. Kesho yake alfajiri nilimkuta kwenye mashua yangu analishona lile tanga." Shemeji ndiye aliyenisimulia, siku ya harusi.

Pia alinitaka nimpigie video Ijumaa baada ya sala, nje ya msikiti, nizungushe simu. Hakusema anatafuta nini. Alikuwa anatazama kama watu wananisalimia kwa jina nililompa yeye.

Baada ya hapo nilipanda basi mimi na mjomba wangu, Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, mpaka Tanga. Tulilala kwao usiku mbili ndipo tukataja posa. Mtakeni kijana wenu namba tatu hizo. Mkweli atakaa nazo siku kadhaa na atazitoa. Mwongo atazitoa saa hiyo hiyo, na zote zitapokelewa na sauti moja.


MwanafunziWaFaza, Nairobi
Jumatatu, saa 2 usiku

Shikamoo shangazi. Nimesoma mambo ya jamii chuoni, na hilo lako la nahodha limenigusa kwa sababu kuna utafiti unaosema karibu neno hilo hilo. Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2019: kwa Wamarekani, kati ya kila jozi 100 za wapenzi, mwanamume na mwanamke, waliokutana mwaka 2017, karibu jozi 39 walikutana mtandaoni. Njia hiyo imeipita ile ya kukutanishwa na marafiki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa miaka mingi. Na kukutanishwa na jamaa wa nyumbani nako kumepungua. Maana yake, hata huko kwao aliyeondoka ni mtu wa katikati. Huu si upungufu wa vijana wa Amu peke yao. Match.com ilianza mwaka 1995, Tinder mwaka 2012, na huku kwetu zimefika pamoja na simu za bei nafuu, kwa hivyo jambo lililowachukua wenzetu zaidi ya miaka ishirini kulizoea, sisi tumelipokea kwa miaka michache.

Na dada yangu wa Muyeye, usijione peke yako. Mwaka 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipokea malalamiko ya watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa jina la mapenzi, na hasara waliyoitaja ilikuwa dola bilioni 1.3. Uongo uliotajwa zaidi haukuwa hata wa mzigo. Ulikuwa ule wa "naumwa", au "ndugu yangu ameumia", au "nimefungwa".

Mambo mawili ya kufanya usiku huu huu. Chukueni picha zake mbili tatu mzitafute kwenye Google kwa njia ya picha, mwone kama zinatokea kwa jina la mtu mwingine. Zikiwa safi, hilo peke yake halithibitishi kwamba uso ni wake, na tabia bado. La pili ni la binti: asimtumie picha ambayo hangependa ami yake aione. Sheria ipo, ile ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 37: anayesambaza picha ya faragha ya mtu anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Lakini sheria humkamata mtu picha ikiwa imeshafika mtaani.


TuktukMaweni, Malindi
Jumatatu, saa 5 usiku

Shangazi shikamoo. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi mwaka wa tisa. Hilo jina la kike lisikukoseshe usingizi kwanza. Vijana wengi wa huku tulichelewa kupata vitambulisho, mtu anafika miaka 21, 22 hana, kwa hivyo laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Yangu mpaka mwaka juzi ilikuwa ya mama. Huenda ni hilo, huenda silo.

Niandikie pembeni, si hapa mbele ya watu, jina lake, mtaa na hoteli. Nina mama na nina dada wawili, najua unachokiuliza. Nipe siku tatu.


ShangaziWaLangoni
Jumanne, saa 12 asubuhi

Nimekuandikia, mwanangu. Nimeomba ruhusa ya binti kwanza. Alilia kidogo, kisha akaniandikia mwenyewe jina la mtaa.


TuktukMaweni
Ijumaa, saa 3 usiku

Shangazi, nimerudi. Jina na mtaa sitaji. Nimekuuliza pembeni kama niyaweke hapa haya, ukasema weka, wengine wafaidike.

Mtaa ni huo na nyumba ni hiyo. Nilimpakia mama yake kutoka sokoni, mama mmoja wa makamo, mpole, ana miguu inayomsumbua. Nilimsaidia mizigo mpaka mlangoni. Kalenda niliiona, shangazi, iko pale pale ukutani. Jina la M-Pesa ni la mama huyo, kwa sababu alipotaka kunilipa alinilipa kwa simu na jina likaja. Ana laini mbili kwa jina lake, moja anatumia kijana. Hilo limekwisha.

Kisha nikakaa siku mbili kwenye kibanda cha viazi karai hapo pembeni, asubuhi kabla ya kazi na jioni. Deni hana. Mwenye kibanda anasema kijana hulipa hata viazi vya wadogo zake walivyokula wiki nzima. Sala ya alfajiri haonekani sana msikitini, ya isha anaonekana. Mke hana, mtoto hana, hapo nimeuliza watu wanne tofauti, wasiojuana kwamba nawauliza.

Mawili mengine lazima niseme. La kwanza, si mpishi, bado. Nina abiria wangu wa hoteli hiyo, anamjua. Anaosha vyombo na kumenya vitunguu na kukata samaki. Mpishi mkuu anamfundisha akipata nafasi. La pili, aliwahi kuwa na mchumba Mambrui, posa ikavunjika mwaka juzi. Kwa nini, sikuuliza. Hilo naona si la dereva, ni la wazee.


MamaWawiliMuyeye
Ijumaa, saa 4 usiku

Kaka, Mungu akubariki. Ningekuwa na mtu kama wewe wakati ule. Hapo kwenye "mpishi" mimi nasimama, shangazi. Uongo mdogo wa kazi ndio uliokuwa mlango wa wangu.


BahariaWaShela
Ijumaa, saa 5 usiku

Dada, nakuelewa, lakini naomba tutofautishe. Anayejiita mhandisi wa Brescia anataka umtumie pesa. Anayeosha vyombo akajiita mpishi anataka asidharauliwe. Mimi nilipoandika kwenye Muzz niliandika "nahodha" na nilikuwa baharia wa kawaida. Nililisahihisha kabla ya mwezi, kwa sababu walii alikuwa anasoma. Muulizeni kijana uso kwa uso mwone atalisemaje.


ShangaziWaLangoni
Jumatano, saa 4 usiku

Ndugu zangu, nisameheni nimekaa kimya, nyumba ilikuwa na maneno.

Jumamosi nilimweka binti chini nikamwambia yote, na la kuandika namba kwenye M-Pesa nikamwambia. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema, "Shangazi, hiyo laini ni ya mamake, aliniambia mwezi wa pili tulipojuana. Ungeniuliza." Nimekaa usiku mzima bila kulala kwa jibu lililokuwa chumba cha pili. Wanaume sita nimewaulizia kwa wauza makaa na wauza maziwa, na sikumbuki hata mara moja kuanza na msichana mwenyewe. Zamani msichana alikuwa hajui kitu, ndiyo sababu. Huyu amezungumza na mtu miezi kumi na mmoja. Nilimwomba radhi. Alinibusu mkono, lakini mpaka Jumapili hakunitilia uzi.

Hilo la upishi yeye hakulijua. Nilimwona uso unavyobadilika. Hakusema kitu, akachukua simu akapanda darini, na nikasikia sauti yake moja tu, ya kuuliza, halafu kimya kirefu. Aliposhuka akaniambia kijana amekiri. Amesema aliandika "mpishi" siku ya kwanza kwa kuona haya, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kulifuta. Nikamuuliza binti, na wewe waonaje? Akasema, "Kuosha vyombo si aibu. Kunidanganya miezi kumi na mmoja ndiko kunaniuma, na nimemwambia." Siku mbili hakupokea simu zake. Hilo lilinituliza kuliko chochote alichoandika mtu hapa. Nilijua kwamba akipenda, bado anaona.

Namba tatu za baharia wa Shela tumezitaka. Zimekuja siku ya tatu. Ya mtu aliyegombana naye ni ya kaka wa yule mchumba wa Mambrui. Ami yake binti ndiye aliyepiga, maana nilitaka mwanamume aongee na mwanamume. Wameongea karibu nusu saa. Posa ilivunjika kwa mahari: walitaka yaliyomshinda, akaomba muda, hawakumpa. Kaka mtu alisema maneno yalikuwa makali pande zote mbili, na kwamba mahari yenyewe bado anaona yalikuwa ya haki. Lakini alisema pia, "Hakumgusa dada yetu wala hakumtangaza." Ami alizima simu akakaa. Kisha akasema, waje.

Hakusema tutakubali. Amesema waje.

Mama yake amenipigia mwenyewe jana. Tumeongea juu ya miguu yake, na bei ya nazi, na wanawe, na posa hatukuitaja hata kidogo, na nadhani sote wawili tulijua tunaongea nini. Wanakuja Jumamosi ijayo, yeye na kaka yake, na kijana. Nimewaambia wapande basi la alfajiri, Gongoni, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na gatini atawapokea ami yake kwa mashua ya jirani. Miguu ya mama haitamudu ngazi zangu, kwa hivyo nitatandika chini, ukumbini. Tutawaambia tupeni siku, kama tunavyowaambia wote, na siku hizo kijana atakwenda kusali na ami, na mimi nitamtuma dukani kwa jambo lolote nimwone anavyorudi.

Mzee wa Matondoni, anakuja na wazee wake. Naomba nawe uwepo siku hiyo, ukipenda.

Mama wa Muyeye, nimeomba namba yako kwa huyu kijana wa tuktuk, na mlango huu ni wako. Wanao nitumie vipimo vya vichwa, wawili wote. Hizo nakuambia zitafika, na nitazituma kwa mkono wa mtu.

Nawe TuktukMaweni, mwanangu, niambie unapenda halua au mkate wa mofa. Wakirudi Malindi watakuletea. Kitambaa cha ile kofia kingali sandukuni, sijakikata.